Mizani ya Haki: Kanisa na Jasho la Mkulima

1. Kazi ya mkulima wa kahawa

Mtu apandaye mlima Kilimanjaro kutoka Moshi huona mashamba ya Wachaga yakifuatana bila kuachana. Kila shamba lina migomba mirefu, na chini ya kivuli cha migomba ile mna mibuni. Shamba la namna hii huitwa kihamba. Baba humwachia mwanawe, naye mwana humwachia mjukuu. Mifereji iliyochimbwa na wazee wa zamani huleta maji kutoka msituni, nayo hupita kando ya nyumba za watu ikinong'ona mchana na usiku.

Mbuni hauzai upesi. Mche ukipandwa leo, mkulima hungoja yapata miaka mitatu kabla ya kuona mavuno ya kwanza. Wakati huo wote hupalilia, hupogoa matawi, hutia samadi, tena hupigana na maradhi ya mibuni, kama vile chulebuni na kutu ya majani. Buni zikiiva huwa nyekundu. Haziwezi kukatwa kwa mundu kama mpunga, kwa maana mbivu na mbichi hukaa pamoja katika tawi moja. Basi huchumwa moja moja kwa vidole. Kisha humenywa, hulowekwa, huoshwa, na kuanikwa juu ya vichanja, na mvua ikitishia mtu hana budi kukimbia akazifunike. Kilo 5 au 6 za buni nyekundu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi.

Wahenga walisema, "Mchumia juani hulia kivulini." Maana yake ni kwamba mwenye kufanya kazi kwa bidii atakula kwa raha. Lakini mara nyingi mwenye kuchuma juani ni mmoja, na mwenye kula kivulini ni mwingine. Somo hili laeleza kwa nini inakuwa hivyo, na watu wa makanisa wamefanya nini, tena wanaweza kufanya nini, ili yule aliyechuma apate haki yake.

2. Bei hutoka wapi?

Mkulima akiuza ndizi sokoni huweza kupatana na mnunuzi uso kwa uso. Akiona bei ni mbaya, huchukua mkungu wake akarudi nao nyumbani, watoto wakala. Kahawa si hivyo. Haijazi tumbo la mtu mwenye njaa, na wanywaji wake walio wengi wako mbali, ng'ambo ya bahari. Bei yake hupangwa katika masoko makubwa mawili: soko la New York kwa kahawa ya arabika, na soko la London kwa kahawa ya robusta. Huko wafanya biashara hununua na kuuza kila siku, hata kahawa ambayo bado haijachumwa.

Basi jambo lo lote litokealo katika nchi moja huwapata wakulima wa nchi zote. Mwezi wa Julai mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni mingi ya Brazili, na kwa kuwa kahawa ilipungua duniani, bei ilipanda sana katika miaka iliyofuata. Kahawa ikizidi, bei huanguka. Ili kuzuia hali hiyo, nchi zinazouza na nchi zinazonunua zilifanya mapatano mwaka 1962, kwamba kila nchi ipeleke sokoni kiasi maalum tu. Mapatano hayo yalisaidia kuishika bei kwa miaka mingi. Lakini mwezi wa Julai mwaka 1989 sehemu hiyo ya mapatano ilivunjika, na katika muda wa miezi michache bei ilishuka kwa kadiri ya nusu. Mwishoni mwa mwaka 2001 ratli moja ya arabika, yaani kama gramu 454, ilikuwa haifikii hata senti 50 za Marekani katika soko la New York. Wakulima wengi duniani hawakupata hata gharama za kulima. Wengine waliiacha mibuni yao ikamezwa na majani, wengine waliing'oa.

Yule aliyekunywa kahawa mjini hakuona tofauti kubwa katika kikombe chake. Lakini katika nyumba ya mkulima tofauti ilionekana mara moja: ada ya shule ilikosekana, dawa ikakosekana, na bati la nyumba likangoja mwaka mwingine.

3. Butura na lumbesa

Si soko la mbali tu limuumizalo mkulima. Yako maumivu mengine ambayo hutoka karibu, tena kwa watu anaowafahamu kwa majina.

Huko Kagera upo mtindo uitwao butura. Mtu mwenye shida huuza kahawa ingali juu ya mti, maua hayajawa buni, au buni zingali mbichi. Mnunuzi humpa fedha kidogo leo, na wakati wa mavuno huja kuchukua kahawa yote. Tuseme mzee mmoja ana mtoto mgonjwa, naye amemwendea mnunuzi wa mtaani. Mazungumzo yao huwa kama haya:

"Mwanangu, nisaidie. Mtoto yuko hospitali."

"Pole sana, mzee wangu. Fedha ninazo. Lakini unajua desturi: ile mibuni ya upande wa mtoni iwe yangu mwaka huu."

"Mibuni ile yote, kwa fedha hizi?"

"Mzee, mimi sikulazimishi. Ukiona hazitoshi, ngoja mavuno."

Mzee hawezi kungoja mavuno, kwa maana ugonjwa haungoji. Basi hukubali. Mavuno yakija huona magunia yake yakichukuliwa, naye hana neno la kusema, kwa sababu alikubali kwa kinywa chake mwenyewe. Serikali imekataza butura mara nyingi, lakini shida ni mwalimu mkali, nayo huwafundisha watu kuvunja amri kwa siri.

Wakulima wa viazi, vitunguu na mahindi nao wana taabu yao, ndiyo lumbesa. Mnunuzi huja na gunia, akalijaza hata mdomo, kisha akaliongezea kilemba juu, akakishona kwa kamba. Hilo huitwa gunia moja, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Lakini likipandishwa katika mizani huonekana limezidi sana. Sheria ya vipimo ya Tanzania haikubali gunia la mazao lipite kilo 100, hata hivyo lumbesa bado huonekana njiani na sokoni. Ile ziada iliyo juu ya gunia ni jasho la mtu lililochukuliwa bure.

4. Neno la Maandiko juu ya mizani

Watu wengine hudhani kwamba habari za mizani, magunia na bei si habari za kanisa. Husema kanisa lishughulike na roho, nao wafanya biashara washughulike na biashara. Lakini mtu akiyasoma Maandiko kwa makini huona sivyo.

Katika Torati, watu wa Israeli walikatazwa kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, jiwe zito la kununulia na jiwe jepesi la kuuzia. Amri hiyo imewekwa pamoja na amri nyingine za utakatifu. Haikutupwa pembeni kama neno dogo. Nabii Amosi mwenyewe alikuwa mtu wa shamba, mchungaji na mtunzaji wa mikuyu. Alipowakemea matajiri wa wakati wake, aliwataja watu waliokaa katika sikukuu wakiona uchungu kwa sababu siku haijaisha, wapate kufungua maghala na kuuza ngano kwa kipimo kilichopunguzwa na fedha iliyozidishwa uzito. Miili yao ilikuwa ibadani, lakini mioyo yao ilikuwa katika mizani ya uongo. Naye Yakobo, katika waraka wake, aliwaonya matajiri kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele ile humfikia Mungu.

Basi kanisa likiuliza, "Mkulima huyu amelipwa nini?" halitoki nje ya kazi yake. Lauliza swali lililoulizwa na manabii.

5. Watu wa mlimani waliungana

Kahawa ya Kilimanjaro yenyewe ina uhusiano na kanisa tangu mwanzo. Mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Kilema walipanda mibuni huko mwishoni mwa karne ya 19, na kutoka katika bustani za misheni mbegu zilienea. Baadaye Wachaga wengi walianza kupanda wenyewe katika vihamba vyao. Baadhi ya walowezi wa Kizungu hawakupenda jambo hilo, wakataka Waafrika wazuiwe kulima kahawa. Ndipo mwaka 1925 wakulima Wachaga waliunda chama chao cha wapandaji kahawa, na rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo. Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Moshi, aliwatia moyo. Kwa njia ya chama walipata dawa za kunyunyizia mibuni, tena waliuza kahawa yao pamoja.

Sheria ya vyama vya ushirika ilitolewa katika Tanganyika mwaka 1932, na mwaka 1933 Chama cha Ushirika cha Kilimanjaro, kijulikanacho kwa herufi KNCU, kiliandikishwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkulima mwenye gunia moja hawezi kubishana na mnunuzi mkubwa, lakini wakulima maelfu wenye ghala moja huweza.

Hata hivyo ni lazima kusema kweli yote. Chama nacho huweza kukosa. Mwaka 1937, bei ilipokuwa imeshuka na wakulima hawakuelewa hesabu ya malipo yao, watu wa sehemu kadhaa za mlima walifanya ghasia na kuharibu baadhi ya majengo ya vyama. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, na KNCU kiliundwa tena mwaka 1984. Habari hizi zatufundisha kwamba jina zuri la chama halitoshi. Daftari zisipofunguliwa mbele ya wanachama, ushirika hugeuka kuwa mnunuzi mwingine tu, mwenye ofisi kubwa zaidi.

6. Padre na wakulima wa Mexico

Katika nchi ya Mexico, upande wa kusini, liko jimbo la milima liitwalo Oaxaca. Wakaaji wake wengi ni wenyeji wa asili, nao hulima kahawa katika mashamba madogo kama vihamba. Zamani waliuza kwa wachuuzi waliopanda mlimani na kununua kwa bei waliyotaka wao. Wakulima waliwaita wachuuzi hao "coyote," yaani jina la mnyama wa jamii ya mbweha, kwa sababu ya werevu wao wa kunyang'anya.

Padre mmoja Mholanzi, Frans van der Hoff, aliishi na watu hao, akalima pamoja nao. Yeye na wakulima walikaa wakafanya hesabu: kilo moja ya kahawa huwagharimu kazi kiasi gani, nao hulipwa nini? Walipoona hasara yao wazi wazi, waliungana. Mwaka 1983 umoja wao uitwao UCIRI ulikuwa umekwisha kusimama, ukaanza kupeleka kahawa sokoni wenyewe, pasipo kupitia kwa wachuuzi.

Wakulima hao walikuwa wakipata misaada kutoka makanisa ya Ulaya, nao walishukuru. Lakini waliwaeleza rafiki zao wa Uholanzi kwamba kama wangelipwa bei ya haki kwa kahawa yao, wasingehitaji tena kuomba. Neno hilo liliwachoma watu. Shirika la makanisa la Uholanzi liitwalo Solidaridad, na mkuu wake Nico Roozen, walitafuta njia pamoja na Padre van der Hoff. Wakaona kwamba kuuza kahawa katika vibanda vichache vya watu wema hakutoshi, maana watu wengi hununua vitu vyao katika maduka makubwa. Basi wakatengeneza alama ya kubandikwa juu ya paketi. Mnunuzi akiiona alama ile, ajue kwamba mkulima amelipwa bei iliyokubaliwa. Tarehe 15 Novemba 1988 paketi ya kwanza ilitolewa, na alama iliitwa Max Havelaar. Jina hilo ni la kitabu kilichoandikwa na Mholanzi mmoja mwaka 1860, kuonyesha jinsi wakulima wa kisiwa cha Java walivyodhulumiwa.

7. Makanisa ya ng'ambo

Kazi hii haikuanza na kahawa, wala haikuanza mwaka 1988. Mwaka 1791 watu wengi wa Uingereza, na kati yao Wakristo wa madhehebu mbalimbali, waliacha kula sukari iliyolimwa na watumwa. Walisema hawawezi kutia katika chai yao utamu uliotoka katika mateso ya watu. Biashara ya watumwa ilikatazwa na bunge lao mwaka 1807, na ingawa si sukari peke yake iliyoleta ushindi huo, watu wa kawaida walijifunza kwamba mnunuzi naye ana sehemu katika dhambi au katika haki ya kitu anunuacho.

Mwaka 1946 mama mmoja Mmarekani wa kanisa la Wamenno, Edna Ruth Byler, alifika Puerto Rico akaona wanawake wenye ufundi wa kutarizi lakini hawana soko. Alinunua kazi zao kwa bei nzuri, akazichukua kwao na kuwauzia jirani zake. Kazi yake ndogo ilikua hata ikawa shirika kubwa lenye maduka. Mwaka 1949 kanisa jingine la Marekani liitwalo Church of the Brethren lilianza kuuza saa za mbao zilizochongwa na wakimbizi wa Ujerumani baada ya vita. Huko Ujerumani, mashirika ya makanisa yaliunda kampuni ya GEPA mwaka 1975. Huko Uingereza, mashirika ya kanisa kama vile CAFOD na Christian Aid yalikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la Fairtrade mwaka 1992.

Tangu miaka ya 1990 shirika la misaada la Walutheri wa Marekani lilishirikiana na kampuni ya Equal Exchange, ili sharika zinunue kahawa ya haki kwa vikombe vinywewavyo baada ya ibada ya Jumapili. Kikombe kimoja ni kitu kidogo. Lakini makanisa ni maelfu, na Jumapili ni 52 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika mji mdogo wa Garstang, Uingereza, watu wachache waliwaalika viongozi wa makanisa, walimu na wenye maduka kula chakula kilichotengenezwa kwa vitu vya biashara ya haki pamoja na mazao ya wakulima wa pale pale. Mwaka 2000 wenyeji walikubaliana kuuita mji wao mji wa biashara ya haki, wa kwanza duniani. Angalieni kwamba hawakuwasahau wakulima wa kwao walipowakumbuka wakulima wa mbali.

8. Hesabu yake

Sasa na tufanye hesabu, tupate kujua biashara hii inafanyaje kazi. Kanuni kubwa ni mbili.

Kanuni ya kwanza ni bei ya chini. Tangu mwezi wa Agosti mwaka 2023, bei ya chini ya kahawa ya arabika iliyooshwa ni dola 1 na senti 80 za Marekani kwa ratli. Soko likianguka chini ya hapo, mnunuzi hulipa bei hiyo hiyo. Soko likipanda juu, hulipa bei ya soko. Kanuni ya pili ni nyongeza: senti 20 kwa kila ratli huwekwa kando kwa kazi za maendeleo, na wanachama wenyewe katika mkutano huamua zitumiwe kwa nini.

Tuseme chama kimeuza ratli 10,000, na bei ya soko imeshuka hata dola 1. Katika biashara ya kawaida chama kingepata dola 10,000. Katika biashara ya haki kitapata dola 18,000, tena nyongeza ya dola 2,000, jumla dola 20,000. Lakini msidhani kwamba fedha zote hizo huingia mfukoni mwa mkulima. Hiyo ni bei ya kahawa iliyo tayari kupakiwa melini. Kwanza hutolewa gharama za kukoboa, kusafirisha na ofisi. Kwa hiyo chama chenye gharama kubwa zisizo na maana huweza kuila haki ya mkulima hata baada ya mnunuzi wa ng'ambo kulipa vema.

Nyongeza ikitumiwa kwa busara huleta faida ya kudumu. Chama kikuu cha Kagera, KCU, kilitumia mapato ya biashara ya haki kununua hisa katika kiwanda cha kahawa cha Bukoba kiitwacho Tanica. Hivyo wakulima wakawa na sehemu katika mali ya kiwanda, wala si katika mibuni peke yake.

9. Je, hii ni sadaka?

Kuna tofauti kubwa kati ya sadaka na haki. Sadaka hutolewa na mwenye nacho kwa kupenda kwake, naye aweza kuacha kesho. Haki ni deni. Mtu akimlipa mkulima bei inayolingana na kazi yake hajamfadhili. Amelipa alichodaiwa. Mkulima apokeaye sadaka huinamisha kichwa, lakini mkulima alipwaye haki huhesabu fedha zake akaondoka amesimama wima.

Hata hivyo biashara hii haiponyi maradhi yote. Vyama vingi huuza sehemu tu ya kahawa yao kwa masharti ya haki, kwa sababu wanunuzi hawatoshi, na iliyobaki huuzwa kwa bei ya kawaida. Kupata ruhusa ya kutumia alama kuna gharama na ukaguzi, na vikundi vidogo huona ni mzigo. Kibarua anayechuma buni katika shamba la mwingine huweza kusahauliwa kabisa. Tena ziko nyakati za bei kubwa, kama mwezi wa Februari mwaka 2025, ambapo ratli moja ya arabika ilipita dola 4 huko New York. Wakati kama huo wachuuzi huja na fedha mkononi, na wanachama hushawishika kukiacha chama chao. Bei ikianguka hurudi wakilia. Chama ni kama paa: asiyelitengeneza wakati wa kiangazi asilaumu mvua.

10. Kazi ya kanisa la kijijini

Pengine mwanafunzi atauliza, "Hayo ni ya watu wa Ulaya na Marekani wanunuao kahawa. Kanisa letu la kijijini lenye bati kuukuu na kengele ya chuma cha reli litafanya nini?" Lipo la kufanya, tena liko karibu.

Kwanza, kanisa lisafishe mikono yake yenyewe. Shule, hospitali na vyuo vya misheni hununua mahindi, maharage na mboga. Vinunue kwa mizani, si kwa lumbesa, tena vilipe siku iliyoahidiwa. Wazee wa kanisa walio wanunuzi wa mazao wakumbushwe kwamba anayepokea sadaka madhabahuni siku ya Jumapili asinunue butura siku ya Jumatatu.

Pili, kanisa lisaidie kuondoa shida inayozaa butura. Kumkemea mzee mwenye mtoto mgonjwa hakutamponya mtoto. Lakini washarika wakiweka akiba kidogo kidogo kila wiki katika kikundi cha kuweka na kukopa, mzee yule atapata mkopo kwa jirani zake, na mibuni yake itabaki yake.

Tatu, kanisa lifundishe. Mtu asiyejua kusoma mizani hudanganywa mchana kweupe. Mafundisho ya jioni ya kusoma mizani, kuandika daftari na kuhesabu makato yafaa sana. Nchini Tanzania iko pia njia ya stakabadhi ghalani, ambayo sheria yake ilitungwa mwaka 2005. Mkulima hupeleka mazao ghalani, yakapimwa, akapewa hati, na mazao yakauzwa baadaye kwa mnada. Njia hii hufaa ikiwa mkulima anaielewa hati yake, wala hailaumu kwa kutoielewa.

Nne, kanisa liwe shahidi. Siku ya mkutano wa chama, mchungaji au padre asitawale wala asishike fedha, lakini aweza kuhimiza daftari zisomwe mbele ya watu wote, wanawake wakiwemo. Wanawake ndio wachumao na kuanika kahawa katika nyumba nyingi, na si haki wawepo wakati wa kazi, wakosekane wakati wa kuhesabu fedha. Watoto nao wasaidie nyumbani kwa kadiri ya nguvu zao, bali mavuno yasiwatoe shuleni.

Tano, kanisa litumie urafiki wake. Sharika nyingi za Tanzania zina sharika rafiki huko Ujerumani na Marekani, na wageni wao hufika kila mara. Wageni hao huulizwa mara nyingi msaada wa bati au wa gari. Na waulizwe pia, "Kahawa mnayokunywa kwenu baada ya ibada ni ya nani, na aliyeilima alilipwa nini?" Swali hilo halina gharama, lakini huweza kufungua njia ya biashara itakayodumu kuliko bati.

Mizani ni chombo kisicho na macho wala kinywa. Hakimjui tajiri wala maskini, Mkristo wala asiye Mkristo. Huonyesha uzito wa kitu kilichowekwa juu yake, basi. Watu ndio wenye kuipinda, na watu ndio wenye kuinyosha. Ninyi mtakaokuwa kesho wakulima, makarani wa vyama, wanunuzi na wachungaji, mizani hiyo itakuwa mikononi mwenu.

Maswali

1. Kwa nini mkulima wa kahawa hawezi kuirudisha kahawa yake nyumbani kama mkulima wa ndizi?
2. Eleza maana ya butura na lumbesa. Ni yupi apataye hasara, na kwa nini hukubali?
3. Wakulima wa Oaxaca waliwaeleza nini rafiki zao wa Uholanzi? Neno lao lilileta matokeo gani?
4. Chama kimeuza ratli 6,000 za arabika kwa masharti ya haki, na bei ya soko ni dola 1 na senti 50. Kitapata fedha ngapi pamoja na nyongeza? Kingepata ngapi kwa bei ya soko peke yake?
5. Taja tofauti kati ya sadaka na haki, ukitoa mfano kutoka kijiji chako.
6. Waulize wazazi au jirani zako jinsi mazao yanavyopimwa mahali penu, kisha andika habari hiyo kwa sentensi kumi.